Lucienne Ahamisha Deni

Lucienne na mume wake Rigobert walikuwa wanakaa Schaerbeek, mjini Brussels, ghorofa ya tatu. Ngazi za nyumba yao zilikuwa nyembamba sana. Siku walipohamia, friji iliingizwa kwa dirisha, na majirani wote walitoka kutazama.

Juu ya friji hiyo kulikuwa na beseni ya bluu. Humo ndimo Rigobert alimotupa barua. Barua ya mtu ilifunguliwa siku hiyo hiyo. Lakini bahasha yenye dirisha, yaani ya benki, ya umeme au ya komini, ofisi ya serikali ya mtaa, ilisubiri Jumapili.

"Barua za namna ile zinaaribu chakula," alisema Rigobert.

Na Jumapili ikifika, mara nyingi ilipita tu. Bahasha haiumi mtu, lakini Rigobert aliziogopa kama mbwa asiyefungwa.

Rigobert alikuwa anaosha tramu gerejini. Lucienne alikuwa anatunza wazee katika nyumba moja huko Ganshoren. Aliamka saa kumi na moja asubuhi, akapanda basi, akawaosha wazee, akawavalisha, akawalisha. Wazee walimpenda kwa sababu mikono yake haikuwa na haraka. Bibi mmoja alimwita kila siku "infirmière wangu", yaani muuguzi wangu.

"Miye si infirmière, maman," Lucienne alijibu. "Miye ni aide-soignante, musaidizi tu."

Alisema akicheka, lakini neno lile "tu" lilimkera. Alitaka kuwa muuguzi tangu alipokuwa msichana Bukavu. Shule ilikuwepo, ya miaka mitatu. Kuingia shule kulimaanisha kufanya kazi nusu, na kupata mshahara nusu. Lucienne alikuwa ameahirisha mara tatu. Sasa alikuwa na miaka thelathini na tisa, na alijua sababu moja iliyomzuia. Sababu hiyo ilikuwa deni.

Deni lilianza mwaka 2010, baba yake alipofariki. Tiketi mbili za ndege, jeneza, chakula cha watu wa matanga. Lucienne alichukua kadi ya mkopo ya benki na kutumia euro elfu tatu. Watu husema kukopa harusi, kulipa matanga. Yeye alikopa kwenye matanga yenyewe.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja mwaka 2012, Lucienne alishusha beseni akafungua barua ya benki. Akaisoma mara mbili.

"Papa Darlène, njoo uone," alimwita mume wake. Darlène alikuwa binti yao wa pekee, wa miaka kumi na mmoja. "Miaka mbili minalipa soixante euros, sitini nzima, kila mwezi. Na deni ingali deux mille trois cents!"

"Elfu mbili mia tatu? Labda banakosea hesabu," alisema Rigobert.

"Bale habakosei. Ni siye tunakosea."

Ndani ya bahasha nyingine kulikuwa na karatasi nzuri yenye rangi. Ilitoka benki nyingine. Iliandikwa kwa herufi kubwa: leta deni la kadi yako kwetu, riba ni asilimia sifuri.

Lucienne aliinua karatasi juu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Zéro!" alisema. "Mungu iko."

"Mungu iko, lakini hafanye kazi ku banque," alisema Rigobert. "Uliza kwanza maman Naïma."

Hilo lilikuwa neno la akili kuliko yote ambayo Rigobert alisema mwaka ule.

Naïma alikuwa mama kutoka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Alikaa ghorofa ya chini. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya huduma za jamii ya komini nyingine, upande wa kusaidia watu wenye madeni. Ofisi za namna hiyo hazidai malipo, na anayeingia hachekwi. Naïma alikuwa Mwislamu mshika dini. Yeye mwenyewe hakuwahi kukopa kwa riba hata senti moja.

"Weye unakataa riba, na ni weye unaijua kuliko banque," Rigobert alimtania alipoingia.

"Naijua kama mtu anavyojua nyoka, papa Rigobert," alisema Naïma. "Ili nisimkanyage."

Akakaa, akanywa chai, akasoma barua ya deni kwanza.

"Dada Lucienne, unalipa soixante. Sawa. Lakini riba ya kadi hii ni quatorze pour cent, asilimia kumi na nne, kwa mwaka. Mwezi huu peke yake, riba ni vingt-sept euros. Donc katika sitini yako, ishirini na saba inaliwa na benki. Thelathini na tatu tu ndiyo inapunguza deni."

Lucienne akashika kichwa.

"Umelipa miaka miwili, kama elfu moja mia nne," Naïma aliendelea. "Deni limepungua mia saba tu, hata hazitimii. Ukiendelea hivi, utamaliza baada ya miaka minne na zaidi."

"Miaka ine! Nitakuwa na quarante-trois ans, arobaini na tatu! Alors iyi zéro ni muzuri, ama haiko muzuri?"

"Inaweza kuwa nzuri. Ngoja nisome maandishi madogo. Makubwa wanaandika wauzaji. Madogo wanaandika wanasheria."

Naïma alivaa miwani. Alisoma muda mrefu hata chai ikapoa. Darlène aliyekuwa akifanya kazi ya shule mezani aliacha kalamu akamtazama.

"Bon," alisema Naïma. "Hii benki italipa deni lako lote kule kwenye kadi ya zamani. Kisha utadaiwa na wao. Riba ni sifuri, ni kweli. Lakini ni kwa miezi minane tu. Januari mpaka Agosti. Kinachobaki baada ya Agosti kitarudi kwenye quatorze pour cent, kama zamani."

"Basi nikilipa soixante yangu kila mwezi..."

"Hawatakubali. Hapa malipo ya chini kabisa ni cent euros. Na hata ukilipa hiyo mia, Agosti utabaki na deni la elfu moja mia tano. Riba itaamka, na wewe utakuwa palepale. Sikiliza, dada. Kuhamisha deni si kulipa deni. Ukitoa sufuria kwenye jiko moja ukaiweka kwenye jiko lingine, maharagwe bado hayajaiva."

Rigobert alicheka, lakini Lucienne hakucheka. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Kuna mambo mengine," alisema Naïma. "Kadi hii mpya, ukinunulia kitu dukani, kitu hicho hakina sifuri. Riba inaanza siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kadi ikifika, usiifungulie hata bahasha. Ada ya kadi kwa mwaka ni vingt-quatre euros, ishirini na nne, utazilipa sasa hivi, ziwe nje ya hesabu. Na hapa pana kisanduku cha assurance, yaani bima, neuf euros, tisa, kila mwezi. Si lazima. Usitie alama. Una bahati, hawakati kitu kwa kuhamisha. Dada yangu wa London alihamisha deni lake, wakamkata asilimia tatu mlangoni. Kila benki ina desturi yake."

"Na ile kadi ya zamani?" aliuliza Rigobert. "Itakuwa na zéro ya deni. Itakuwa safi, kama mupya."

Naïma alimtazama juu ya miwani.

"Papa Rigobert, hapo ndipo wengi wanaanguka. Wanahamisha deni, kadi ya zamani inabaki tupu, Krismasi inafika, wananunua televisheni. Mwezi wa pili wana madeni mawili. Kadi ya zamani inafungwa. Unaandika barua, unaipeleka posta kwa recommandé, yaani isajiliwe, unaweka risiti."

Ukweli ni kwamba Rigobert alikuwa ameshaiona televisheni hiyo kwenye duka la Chaussée d'Ixelles, na alikuwa ameshaisalimia.

"Sifuri itakuokolea kama cent soixante euros, mia moja sitini," alimalizia Naïma. "Si muujiza. Dawa ya deni ni kulipa. Sifuri inakusaidia tu, kila euro unayolipa iende kwenye deni lenyewe. Sasa niambie, unaweza kulipa ngapi?"

Usiku huo mume na mke walifanya hesabu. Sitini walikuwa wanailipa tayari. Lucienne angefanya kazi wikendi moja zaidi kila mwezi, na hapo zingeingia sitini na tano. Zilibaki arobaini. Wote wawili waliangalia televisheni ndogo ya zamani, na kisanduku cha chaneli za mpira kilichokuwa chini yake. Rigobert alikilipia euro arobaini kila mwezi.

"Hapana," alisema Rigobert.

Lucienne alivuta kikapu cha nguo safi.

"Maman Darlène, hapana. Miye naosha tramu wiki nzima!"

Lucienne alikunja nguo za mtoto polepole.

"Bon," alisema Rigobert. "Nitaangalia mpira kwa bantu."

Kwa hiyo ilikuwa mia moja sitini na tano kwa mwezi. Mara nane ni elfu moja mia tatu na ishirini. Deni lilikuwa elfu mbili mia tatu na kumi na mbili. Zilikosekana mia tisa tisini na mbili.

"Hizo zitatoka wapi?" aliuliza Naïma kesho yake.

"Ku likelemba," alijibu Lucienne.

Likelemba ni mchezo wa akina mama. Walikuwa kumi, Naïma akiwa mmoja wao. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kila mmoja alileta euro mia moja, na mmoja wao alichukua elfu nzima. Waliandika zamu kwa vikaratasi na kuvuta. Hapakuwa na riba, na ndiyo maana Naïma aliupenda. Mzunguko mpya ungeanza Januari. Lucienne alikuwa amevuta namba kumi.

"Namba kumi ni Oktoba," alisema Naïma. "Sifuri inaisha Agosti. Itabidi ubadilishane na mwenye namba nane."

Lucienne alikunja uso. Mwenye namba nane alikuwa maman Mujinga wa Lubumbashi. Maman Mujinga alikuwa na moyo mzuri na mdomo mkubwa. Kumwomba zamu ni kumweleza sababu. Kumweleza sababu ni kuweka spika juu ya paa.

"Nitamuuliza," alisema Lucienne.

Hakumuuliza Januari. Hakumuuliza Februari. Machi alijiambia bado kuna muda.

Hata hivyo, mambo mengine yalikwenda vizuri. Deni lilihama mwezi wa kumi na mbili. Kadi ya zamani ilifungwa kwa barua ya posta. Kadi mpya ilibaki ndani ya bahasha yake, na bahasha ndani ya kabati chini ya mashuka. Rigobert aligundua kwamba mpira kwa jirani una ladha kuliko nyumbani, kwa sababu bia ni ya jirani. Januari Lucienne alilipa mia moja sitini na tano. Akamwambia mkuu wake wa kazi kwamba Septemba angependa nusu ya kazi.

"Niambie kwa uhakika kabla ya mwisho wa Aprili," alisema mkuu wake.

Lucienne alikuwa amejiapia jambo moja. Asingeanza shule akiwa na deni la benki, hata la euro moja. Kwa mshahara nusu, deni dogo hukua haraka. Kama Agosti haitamaliza, angesubiri tena.

Mwezi wa pili Rigobert alifanya kazi za ziada, pesa zikaingia. Mwezi wa tatu ulikuwa na ndoa ya binamu huko Liège, na mchango wake haukuwa mdogo. Lucienne akafanya kama mwanamke yeyote mwaminifu wa likelemba. Ukijua mwezi ujao utabanwa, unalipa mbele. Unaleta mia mbili badala ya mia, unasema "iyi ni ya mwezi huu, iyi ni ya mwezi ujao", na kila mtu anakuheshimu.

Kwa hiyo Februari alituma benki euro mia tatu na thelathini. Kwenye sehemu ya ujumbe, mahali pa namba ndefu ya benki, aliandika kwa heshima: "Février na mars. Merci. Lucienne."

Machi akaenda kwenye ndoa, akacheza, akarudi na miguu iliyovimba na moyo mweupe.

Jumapili ya kwanza ya Aprili, likelemba ilikuwa nyumbani kwa Lucienne. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa jikoni, samaki tayari, akina mama sebuleni wakichekana. Maman Mujinga alikwenda jikoni kutafuta kifuniko cha sufuria. Alinyoosha mkono juu ya friji, akavuta, na beseni ya bluu ikaanguka. Barua zikamwagika sakafuni.

"Eh! Kumbe banque banakupenda hivi, maman Lucienne?" alisema Mujinga akiziokota.

Naïma alikuwa mlangoni. Aliona bahasha moja, akatambua alama ya ile benki. Akaichukua, akamtazama Lucienne. Lucienne akatikisa kichwa kukubali. Naïma akaifungua.

Sombe iliendelea kuchemka.

"Dada," Naïma alisema kwa sauti ya chini. "Hukulipa Machi."

"Nililipa! Nililipa mara mbili! Février na mars, niliandika!"

"Umelipa mara mbili mwezi wa pili. Benki inataka lipo moja kila mwezi, kabla ya tarehe vingt, ishirini ya mwezi. Ukileta nyingi Februari, wanashukuru, deni linapungua. Lakini Machi ikifika, mashine inaangalia mlangoni. Haioni mtu."

"Lakini niliwaandikia!"

"Nani asome? Kule hakuna mama anayekaa na daftari anayekujua. Mashine inasoma namba, na namba wewe uliifuta."

Lucienne alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na hasira, na aibu, na hakujua ipi itangulie. Alikuwa mwaminifu kuliko walivyomtaka, na uaminifu wenyewe ndio uliomponza.

"Banafanya nini sasa?" aliuliza.

"Barua ni ya tarehe ishirini na tano Machi. Wanasema: lipa cent euros zilizokosekana ndani ya siku kumi na tano. Usipolipa, sifuri inakufa hapo hapo, na quatorze pour cent inarudi juu ya deni lote." Naïma alihesabu. "Mwisho ni mardi, Jumanne. Leo ni dimanche."

"Na shule?" Lucienne aliuliza.

Maman Mujinga alikuwa bado amesimama na kifuniko mkononi.

"Shule gani? Deni gani?" alisema. "Hapa kuna mambo batu banajua na miye sijue?"

Basi Lucienne akamwambia yote. Matanga ya Bukavu, kadi, sifuri, wazee wa Ganshoren, miaka thelathini na tisa, namba kumi na namba nane. Alisema akilia kidogo. Akina mama wengine walikuwa wameshajaa mlangoni. Siri ya miezi mitano iliisha kwa dakika tano.

Mujinga hakucheka. Hilo lenyewe lilikuwa ajabu.

"Ile kadi," aliuliza taratibu, "ukilipa kidogo kidogo, deni haishuke kabisa?"

"Inashuka, lakini polepole sana," alijibu Naïma.

"Hata ya duka?"

"Ya duka vilevile. Mara nyingine riba yake ni kubwa zaidi."

Mujinga akagonga kifuniko juu ya sufuria.

"Maman Lucienne, sikia. Août, zamu ya nane, ni yako. Miye nitakula octobre. Nilitaka kununua salon, biti bya sebuleni, lakini nimekaa ku ile ya zamani miaka saba, haitakimbia."

"Maman Mujinga..."

"Usilie. Nina condition moja. Siku utakuwa infirmière, muntu wa kwanza wa kupima ni miye. Na usiniumize."

Jikoni pakajaa kelele. Mwenye daftari la likelemba alibadilisha majina mawili palepale, na kila mmoja akaweka saini. Rigobert alirudi wakati huo kutoka kwa jirani, kwenye mpira. Alikuta wanawake kumi, beseni sakafuni na mke wake mwenye macho mekundu.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Beseni yako," alijibu Naïma.

Jioni hiyo hiyo, Lucienne alikaa mbele ya kompyuta na Naïma. Kwenye akaunti kulikuwa na mia moja sitini na tano, fungu la Aprili. Alituma mia moja, safari hii kwa namba ndefu ya benki, tarakimu kwa tarakimu. Naïma alizisoma na Darlène akazikagua.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwaosha wazee, Lucienne alipiga simu benki. Aliuliza jina la aliyemjibu, akaliandika. Jumanne mchana yeye ndiye aliyepigiwa.

"Malipo yako yamefika, bibi. Mkataba wako unaendelea bila riba."

Lucienne alikuwa ameshika kijiko cha supu ya yule bibi wa kila siku. Aliweka kijiko chini, akambusu bibi kwenye paji la uso.

"Nimefanya nini?" aliuliza bibi.

"Hakuna, maman. Kula."

Ilibaki kutafuta euro thelathini na tano ili lipo la Aprili litimie mia kabla ya tarehe ishirini. Rigobert alizileta. Hakusema zimetoka wapi, lakini kisanduku cha mpira, ambacho alikuwa amekihifadhi chini ya kitanda kwa matumaini, hakikuonekana tena. Pesa za ziada za Februari hazikupotea. Zilikuwa zimeshapunguza deni, kwa hiyo hesabu ya Agosti ilibaki ileile.

Naïma aliwaonyesha jambo moja la mwisho. Walikwenda kwenye benki yao wakaomba pesa zijitume zenyewe kila tarehe tano ya mwezi, baada ya mshahara kuingia. Hakuna kusahau, hakuna kuandika merci. Na beseni ya bluu ikapata kazi nyingine, ya kuloweka maharagwe. Tangu siku hiyo barua zote zilifunguliwa mlangoni kabla ya kuvua viatu. Darlène ndiye alikuwa polisi wa jambo hilo, na alikuwa polisi mkali.

Mwisho wa Aprili Lucienne alimwambia mkuu wake: "Ndiyo, Septemba."

Mei, Juni, Julai, pesa zilijituma. Jumapili ya kwanza ya Agosti, akina mama walimhesabia Lucienne euro elfu moja juu ya meza. Jumatatu, lipo la Agosti lilipojituma, alizipeleka benki. Deni lilipokwisha na Rigobert kurudishiwa thelathini na tano zake, zilibaki euro nane. Lucienne alinunua beignets, yaani maandazi, wakala watatu kwenye dirisha lile lile lililopitisha friji. Rigobert alikula nyingi kuliko wote, akidai kwamba yeye alitoa mpira. Kisha Lucienne aliandika barua ya kufunga kadi mpya na kuipeleka posta. Kadi yenyewe haikuwahi kutoka kwenye bahasha yake.

Benki ilipojibu, jibu lilikuwa na mstari mmoja wa maana: deni, euro sifuri. Sifuri ile ya kwanza, ya karatasi yenye rangi, ilikuwa ya kuazima. Hii ilikuwa ya kwao.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba, likelemba ilikuwa kwa maman Mujinga. Lucienne alifika na euro mia moja zake. Zamu yake alikuwa ameshaila, lakini alileta kama wengine, kama alivyoleta Septemba. Begani alikuwa na mfuko wa shule. Alikuwa mwanafunzi wa mwezi mmoja, na alikuwa mkubwa kuliko wote darasani, hata kuliko mwalimu wa anatomia.

Walimhesabia Mujinga elfu yake. Kisha Mujinga akakunja mkono wa kitenge chake na kunyoosha mkono.

"Condition yangu," alisema.

Lucienne alitoa kipimo cha presha kwenye mfuko. Alimfunga Mujinga mkononi, akapuliza, akasikiliza. Akina mama wote walisogea karibu. Mikono yake haikuwa na haraka.

"Iko juu kidogo, maman Mujinga," alisema. "Kuna kitu inakusumbua?"

Mujinga aliwatazama wote, mmoja mmoja. Alivuta mkoba wake, akaufungua, akatoa kadi tatu za maduka. Akazipanga juu ya meza, kando ya ile elfu moja, na kuzisukuma mbele ya Naïma.

"Salon ingali itangoya," alisema. "Maman Naïma, vaa miwani. Sasa pima na izi."